Kisiki cha Mkoko Hakichipui

Nyumba za kale za mawe kule Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina vyumba virefu lakini vyembamba. Upana wake ni mita tatu hivi, mara nyingi pungufu. Kipimo hicho kilitoka kwenye boriti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na mti wa mkoko ukirefushwa kupita hapo huanza kubonyea. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini na kupelekwa na kusi hadi Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Tunaambiwa kwamba mti ni mali isiyokwisha, ukikatwa huota tena. Inategemea ni mti gani. Mchu, nao wa jamii ya mikoko, ukikatwa kisiki chake huchipua. Mkoko magondi hauna bahati hiyo: kadiri shina linavyozeeka, macho ya kuchipulia yaliyo chini ya gome hufa, na kisiki huishia kuoza. Tegemeo lake lote ni mche. Mbegu huota ingali juu ya mti mama, ikaning'inia kama rungu jembamba la kijani, kisha hudondoka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji.

Kwa hiyo mkataji mwangalifu huacha miti mama, tena iliyonyooka. Mkataji wa haraka huondoa boriti zote nzuri na kuacha miti iliyopinda iendeleze kizazi. Kwa picha ya angani msitu bado ni kijani, ndiyo maana mimi siridhiki na hesabu za hekta pekee. Matawi yaliyotelekezwa nayo ni balaa, maana maji yakijaa huyasukuma huku na huko juu ya miche michanga. Na uwazi ukiwa mkubwa, jua hukausha tope na chumvi huzidi.

Huko Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji huuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kuna mikoko iliyopandwa mwaka 1994 mahali palipokuwa pamekatwa. Wanasayansi waliipima ilipofika miaka 12. Ilikuwa na kimo cha mita 8 hivi, lakini unene wa wastani ulikuwa kama sentimita 6 tu. Kwa lugha ya wakataji, hizo bado ni pau, hazijafika kuwa boriti.