Umepangiwa Field Nachingwea au Ruangwa? Kazi Yako Haiko Mezani

Vyuo vikifunga katikati ya mwaka, vijana wa kilimo huja kwenye halmashauri zetu kwa mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita field. Wapo pia wahitimu wanaokuja kujitolea. Leo naandika kwa ajili yao, na kwa mkulima atakayewapokea. Kijana huyu akitumika vizuri ni msaada mkubwa. Akiachwa apige fotokopi tu, muda wake umepotea na mkulima naye hajapata kitu.

Uzuri ni kwamba wanafika wakati wa kazi. Juni na Julai ufuta uko mnadani. Kipindi hichohicho mikorosho inachipua na kutoa maua, na wakulima wanapuliza dawa ya ubwiriunga. Agosti 1 hadi 8 ni Nane Nane, na sisi wa Lindi na Mtwara tunakutana viwanja vya Ngongo, Lindi. Oktoba minada ya korosho inaanza kupitia RUNALI, chama kikuu cha AMCOS za Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kwenye mkutano wa kijiji

Ongozana na afisa ugani wako. Piteni kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Usiingie shamba la mtu uongozi haujui upo. Ukipewa nafasi ya kuongea, amkia wazee kwanza, halafu sema jambo moja tu linaloeleweka.

Mfano ni hesabu ya salfa. Mkorosho mkubwa unatumia takriban gramu 250 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko hupishana siku 14. Mkulima mwenye mikorosho 30 anahitaji kilo 7.5 kila mzunguko. Akipiga mizunguko mitano ni kilo 37.5, yaani mfuko mmoja na nusu wa kilo 25. Sasa akijiandikisha kwenye daftari la wakulima na idadi ya miti isiyo sahihi, pembejeo za ruzuku zitampungukia katikati ya msimu. Wewe kijana mwenye miguu mizima na simu mkononi, nenda ukahesabu naye miti. Hiyo ndiyo huduma kwa umma.

Kwenye mnada

Hapa utajifunza mengi kuliko darasani. Mkulima anapima mzigo AMCOS, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na malipo yanaingia benki. Lakini bei iliyotangazwa mnadani siyo inayofika mkononi, kwa sababu kuna makato. Mzee akiona pungufu na hakuna wa kumweleza, anahisi ameibiwa. Msimu unaofuata anauza kangomba, tena kwa bei ya kutupa. Kaa naye, soma naye risiti mstari kwa mstari. Kama kuna mstari usiouelewa, usibuni jibu. Mpeleke kwa katibu wa AMCOS mkaulize pamoja.

Kwenye Nane Nane

Usisimame bandani kugawa vipeperushi tu. Muulize kila mkulima: shamba lako liko wapi, na nini kinakusumbua? Andika. Ukirudi wilayani, mpe afisa ugani wa kata husika orodha hiyo, maana maonyesho yanaisha tarehe 8 ila mbu wa mikorosho bado yuko shambani.

Nachingwea tunalo somo la zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa, Kongwa na Urambo. Walileta matrekta, wataalamu na fedha nyingi. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Waliukimbiza mradi bila kuijua vizuri ardhi na mvua ya hapa. Elimu yako ni nzuri, mdogo wangu, lakini mkulima aliyeishi na udongo huu miaka 40 naye ana elimu yake. Msikilize kabla hujamshauri.

Kwako mkulima

Ukimwona kijana wa field usimdharau kwa umri wake, wala usimwachie kila kitu. Mwonyeshe mti unaougua, muulize, kisha hakikisha jibu lake kwa afisa ugani. Na asikuombe hela: huduma ya ugani ni bure. Akiomba, toa taarifa kwa mtendaji.

Na wewe kijana, wiki ya mwisho rudi kwenye vijiji ulivyofanyia kazi ukaage. Waeleze umefanya nini na kipi kimebaki, na mkabidhi afisa ugani daftari lako. Kijana anayeondoka kimyakimya anamharibia njia mwenzake atakayekuja mwakani.

Nawatakia msimu mwema. Ukiwa na swali, mtafute afisa ugani wa kata yako, mlango uko wazi.