Ukosefu wa huruma: Je, mtoto huzaliwa nao?

Mtoto wa miaka 7 anamwumiza mwenzake, anamtazama akilia, wala haoneshi majuto. Wazazi huulizana kwa faragha: tabia hii kaitoa wapi?

Nchini Uingereza swali hilo lilichunguzwa kwa kuwatazama mapacha. Mwaka 2005, Essi Viding wa King's College London na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya jozi 3,600 za mapacha wa umri huo, ambao tabia zao zilielezwa na walimu wao. Mapacha wa yai moja wana vinasaba vinavyokaribia kuwa sawa kabisa. Wa mayai mawili hulingana kwa wastani wa nusu, kama ndugu wengine wowote. Basi ikiwa wale wa kwanza wanafanana tabia kuwashinda wa pili, urithi una mkono wake.

Miongoni mwa watoto wakorofi wasio na huruma, urithi ulieleza asilimia 81 ya tofauti kati yao na watoto wengine. Kwa wakorofi ambao bado walijali hisia za wenzao, kiwango kilikuwa asilimia 30 tu.

Takwimu hizo husomwa vibaya mara kwa mara. Zinahusu tofauti katika kundi zima. Hazisemi kwamba sehemu kubwa ya ukatili wa mtoto fulani imeandikwa katika damu yake. Wala hakuna jeni moja ya usaikopathi. Hata hivyo, mwaka 2009 mahakama ya rufaa mjini Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja wa kifungo, ikizingatia pamoja na mengine vipimo vya vinasaba vyake. Wanasayansi kadhaa walipinga, na walikuwa na sababu: kipimo cha namna hiyo hakiwezi kueleza kwa nini mtu mmoja alitenda kosa moja.

Ushahidi wenye manufaa zaidi kwa wazazi ulitoka Marekani mwaka 2016. Luke Hyde wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walifuatilia familia 561 zilizoasili watoto wachanga. Mama mzazi aliyekuwa na historia ya uhalifu na ukorofi, ingawa hakumlea mwanawe, alielekea kuwa na mtoto mwenye dalili za kutojali wengine akiwa na miezi 27. Lakini pale mama mlezi alipokuwa mwepesi wa kumsifu na kumtia moyo mtoto tangu akiwa na miezi 18, uhusiano huo wa urithi haukuonekana.