Dhana ya Nyumba Bora na Hesabu ya Nishati: Mfano wa Chato

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu nishati endelevu vijijini Tanzania kwa kawaida hugusa mambo mawili: kusambaza umeme na kupunguza matumizi ya kuni na mkaa jikoni. Jambo la kwanza limeshughulikiwa hasa na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kuhusu jambo la pili, mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Nyumba yenyewe haipewi uzito kama huo. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba nyumba hutumia nishati kabla jiko lake halijawashwa, na kwamba lugha inayotumiwa kuieleza nyumba imechangia kuificha hesabu hiyo. Mfano unaotumiwa ni wa wilaya ya Chato.

2.0 Mti mmoja, mahitaji mengi

Chato iko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Mwaka 2012 iliingia katika mkoa mpya wa Geita. Wakazi wake, wakiwemo Wasubi, Wazinza na Wasukuma, ni wakulima, wafugaji na wavuvi. Katika ukanda huu mti hugombewa na wengi. Mpishi huhitaji kuni na mkaa, mkaushaji wa samaki huhitaji kuni, na mchimbaji mdogo wa dhahabu huhitaji matimba ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Mwenye kujenga naye huhitaji kuni za kuchomea matofali.

Hasara inayotokana na mkaa inafahamika. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya mkaa huweza kuhitaji kilo tano hadi kumi za kuni kavu. Kwa kuwa kilo moja ya mkaa ina nishati takriban mara mbili tu ya ile ya kilo moja ya kuni, ni dhahiri kwamba zaidi ya nusu ya nishati ya mti hupotea kabla mkaa haujafika sokoni. Hasara ya tanuri la matofali haizungumzwi sana. Ili udongo wa mfinyanzi uive na kuwa tofali gumu, huhitaji joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Tanuri la kupanga na kukandika udongo halihifadhi joto vizuri; sehemu kubwa huishia hewani, na matofali ya pembeni mara nyingi hutoka hayajaiva.

3.0 "Bora" na "bichi"

Katika matumizi ya kawaida, "nyumba bora" ni nyumba yenye kuta za matofali ya kuchoma au ya saruji na paa la bati. "Nyumba ya udongo" huashiria unyonge wa mwenye nyumba. Kwa hiyo kivumishi "bora" hupima uimara na hadhi, ambavyo ni vigezo halali, lakini hakipimi kuni zilizoteketea wala joto la chumbani.

Istilahi za wafyatuaji wa matofali zinaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Tofali lisilochomwa huitwa "bichi", sawa na tunda lisiloiva au chakula kisichopikwa. Neno hilo lina hukumu ndani yake: tofali bichi ni kazi isiyokamilika, na ukamilifu wake ni moto. Katika jozi hii ya "bichi" na "la kuchoma" hakuna nafasi ya tofali linalopata uimara bila kuchomwa. Hata hivyo, tofali la namna hiyo lipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana, ambayo hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha humwagiliwa maji kwa siku kadhaa mpaka yakomae. Jina lake linatokana na umbo, yaani namna tofali moja linavyoshikana na jingine, na hivyo limekwepa hukumu ya neno "bichi".

Ifahamike kwamba saruji nayo ina gharama ya nishati, kwani malighafi yake huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,450 na husafirishwa kutoka mbali. Aidha, udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, hivyo lazima upimwe kwanza. Faida ya tofali hili inategemea udogo wa kiasi cha saruji na ukaribu wa udongo unaofaa.

4.0 Nyumba inapokaliwa

Chato haiko mbali na Ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri huangukia zaidi paa kuliko kuta. Paa la nyasi la nyumba ya msonge lilizuia joto hilo, lakini lilivuja, lilishika moto na lilidai kuezekwa upya mara kwa mara. Wananchi walikuwa na sababu za msingi za kuchagua bati, ambalo pia hukinga maji ya mvua. Kasoro hujitokeza pale bati linapowekwa bila dari: chumba hupata joto kali mchana na hupoa upesi usiku. Dari, matundu ya hewa, upenu mpana, na kuta ndefu zilizoelekezwa kaskazini na kusini hupunguza kasoro hiyo bila kutumia umeme. Umeme unapofika katika nyumba isiyo na mambo hayo, sehemu yake hutumika kuendeshea feni ili kurekebisha kosa la ujenzi.

5.0 Funzo la Shinyanga

Mkoa jirani wa Shinyanga unatoa funzo la kimbinu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirejesha miti kwa kutegemea ngitili, yaani utaratibu wa Wasukuma wa kufunga malisho wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Maeneo hayo yalitoa malisho, kuni, nguzo na nyasi za kuezekea, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Wataalamu hawakubuni neno geni. Walichukua dhana ambayo wananchi walikuwa nayo na kuipanua. Utafiti wa nyumba unaweza kufuata njia hiyo hiyo kwa kuanza na maarifa ya wafyatuaji na waashi.

6.0 Hitimisho

Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Agizo hilo lilihusu jiko. Shule inayolitii inaweza bado kujenga madarasa kwa matofali yaliyochomwa kwa kuni za msitu ule ule. Ili pengo hilo lionekane, inapendekezwa kutofautisha "nishati ya ujenzi", inayotumika tangu kuchimba udongo hadi kukamilisha paa, na "nishati ya makazi", inayotumika nyumba inapokaliwa. Nyumba inayostahili kuitwa bora ni ile ambayo hesabu zake zote mbili zimefanywa. Pasipo hesabu ya kwanza, mama wa Chato anaweza kupewa jiko banifu huku akiendelea kuifuata kuni mbali zaidi kila mwaka, kwa kuwa miti ya karibu iliishia katika kuta za nyumba yake.