Kabla Kikundi Hakijanunua Mashine ya Visu

Mavuno ya mpunga yakikaribia, hapa Ifakara kila mtu anamtafuta mhunzi. Mundu butu humchosha mvunaji. Panga butu huteleza likakata mguu. Kwa hiyo kikundi kimoja cha wahunzi, wengi wao wahitimu wa kisomo, kimechanga pesa ili kinunue mashine ya kutengenezea na kunolea visu. Waliniita wakasema, "Mwalimu, karatasi ya mashine imeandikwa Kiingereza, tusaidie." Tukaisoma pamoja.

Wahunzi wetu hufua visu kutokana na springi za gari. Chuma hicho ni kizuri. Mhunzi hukichoma kikawa chekundu, hukitumbukiza kwenye mafuta kikawa kigumu, halafu hukipasha moto kidogo ili kisivunjike kama glasi. Ugumu huo ndio unaoshika makali. Lakini moto huo huo unaweza kuuondoa! Ukisaga kisu kwenye jiwe linalokwenda kasi, makali membamba hupata moto upesi. Yakigeuka rangi ya majani makavu, yamefika kama digrii 220. Yakigeuka buluu ni kama digrii 300, na hapo basi, ugumu umepotea. Unanoa asubuhi, jioni kisu ni butu. Mimi nimeona miundu kumi imeharibiwa hivyo siku moja, na mwenye jiwe akamlaumu mhunzi.

Mashine ya mkanda wa msasa ina nafuu hapo. Mkanda ukiwa mrefu, kila sehemu yake hupoa kidogo kabla ya kurudi kwenye kisu. Msasa ukiisha, unavua mkanda unaweka mwingine. Hata hivyo usinunue kwa macho. Uliza kwanza kasi yake. Tufanye hesabu: gurudumu la kipenyo cha sentimeta 10 husogeza mkanda sentimeta 31 na kidogo kila linapozunguka. Mota ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, mkanda unakwenda mita 440 hivi kwa dakika. Weka gurudumu la sentimeta 20, kasi inakuwa mara mbili. Kwa kupunguza chuma kibichi, kasi ni nzuri. Kwa kisu kilichokwisha kukazwa, polepole ndiyo salama. Basi tafuta mashine inayobadilishwa kasi, hata kwa kuhamisha mkanda wa mota kwenye puli nyingine.

Halafu uliza habari za msasa. Watengeneza visu wa Marekani wanapenda mkanda wa inchi 2 kwa 72. Sawa, lakini duka gani Morogoro au Dar es Salaam linauza kipimo hicho, na kwa bei gani? Mashine isiyo na mkanda ni kiti cha kuku. Na umeme je? Mota ya fezi tatu haitafanya kazi kwenye umeme wa kawaida wa nyumbani.

Kijiji kisicho na umeme kisione haya. Wale wanoaji wa mitaani wanaozungusha jiwe kwa pedali za baiskeli wanafanya kazi nzuri, na jiwe lao halichomi makali upesi. Kwa kunoa tu, mimi ningechagua hilo.

Mashine yoyote iwe na ndoo ya maji kando. Shika kisu kwa vidole vitupu. Kikianza kuunguza, chovya. Wakati wa kunoa, makali yaelekee kule mkanda unakokimbilia, yasiupinge, maana mkanda ukinasa utakurushia kisu. Vaa miwani ya kazi. Usivae shati la mikono mipana, na kina mama wafunge khanga vizuri.

Kikundi bado hakijalipa. Wamemtuma mwenzao Morogoro akaulize SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na apitie madukani kuandika bei ya mikanda. Amebeba na mundu mmoja wa zamani. Muuzaji akiwasha mashine, ataunoa mbele yake, aone rangi.