Kuidhoofisha Hoja

Katika mtihani mwanafunzi huulizwa: ni habari ipi iidhoofishayo hoja hii? Mathalan hoja yasema, "Jengo la kwanza la soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilijengwa na Wadachi, basi na jina ni lao." Wengi hukimbilia kukana habari za jengo. Wamekosea, maana ni kweli. Litakiwalo ni kukata kamba iliyofunga jengo na jina. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliweka pale wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Watu wakatamka Kariakoo. Tena Nairobi, ambako Wadachi hawakutawala kamwe, uko mtaa uitwao Kariokor. Bali kusema kwamba soko liliungua mwaka 2021, ingawa ni kweli, hakuigusi hoja hata kidogo.