Jiwe halianguki kama jani la muti

Ndani ya ordinatere kuna tantale, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, na kuna etani ya kasiteriti kama ile ya Bisie. Leo mashine hiyo inaweza kuwafundisha wachimbaji wenyewe, kwa filme ya michoro.

Tuseme kijana wa Masisi anatengeneza filme fupi ya kuonya watu juu ya mawe yanayoanguka shimoni. Amechora vizuri kamba, taa na kaske. Lakini jiwe lake linashuka polepole. Muchimbaji ataona mara moja kwamba ni uongo. Mutoto wake ataamini kwamba kuna wakati wa kukimbia.

Filme ni picha zilizotulia, 24 kwa segonde moja katika sinema. Kati ya picha moja na nyingine, kitu kikisogea kidogo, kinaenda polepole. Kikisogea sana, kinaenda mbio. Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha studio Malembe Maa mwaka 1988, alifanya hivyo kwa mikono: kusogeza kidogo, kupiga picha, kusogeza tena. Na «malembe» kwa Lingala ni polepole.

Kwa ordinatere, unaweka picha mbili tu: jiwe juu, jiwe chini. Programu kama Blender, ambayo hailipishwi, inajaza zile za katikati. Lakini haijui uzito wa jiwe. Ukiiachia, jiwe litaanza polepole, litapata mbio, kisha litapunguza mwendo kabla ya kufika chini, kama chukudu inayokanyagiwa freni. Basi fungua mustari wa mwendo. Pale mustari unalala, kitu kinasita. Pale unasimama, kinakimbia. Upinde wewe mwenyewe, uzidi kusimama mpaka mwisho.

Pima hivi: katika picha 24 za kwanza, jiwe linashuka karibu metre 5. Katika 24 zinazofuata, karibu metre 15 zaidi. Kwa hiyo, mutu aliye chini ya shimo la metre 20 ana segonde 2 tu.

Kilima nacho kina mwendo wake. Ufa unaweza kufunguka siku nyingi, kidogo kidogo, kisha udongo wote uteremuke kwa ghafula. Filme ionyeshe mwendo yote mawili: ule wa polepole ndio unaomupa mutu nafasi ya kutoka.