Uganda: Wakuu wa shule na suala la masomo ya mtandaoni

Uganda ilifunga shule mwezi Machi 2020 kutokana na janga la UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika.

Wakuu wa shule waliounga mkono masomo ya mtandaoni waliona kuwa yaliwazuia watoto kusahau waliyojifunza. Waliokuwa na shaka walitazama vijiji visivyo na umeme wala intaneti, ambako wanafunzi walitegemea redio na vijitabu.

Kwao, suala lilikuwa haki: mtoto wa Kampala mwenye kompyuta na mwenzake wa Karamoja asiye na hata simu wangefanya mtihani uleule wa taifa.